Wateja wote namba moja ya simu

Jamani leo kuna duka wameniita niwaangalizie programu yao ya mauzo, wanasema meseji za wateja haziendi.

Nafungua orodha ya wateja, naona Mama Zai simu 2147483647. Nashuka chini, fundi Juma 2147483647, wa tatu hivyo hivyo, ukurasa mzima!! Dada wa kaunta ananiuliza kwa upole, "kaka, kwani mwenye hii laini ni nani?" 😂

Kumbe aliyeitengeneza kaweka simu kama namba ya biti 32, aina ya namba ambayo mwisho wake ni hiyo 2147483647, sasa ukianza na 255 inapitiliza, databesi inaibana kwenye ukomo wake basi.

Ila mimi akili ilishahama. Hiyo namba ni 2 kipeo cha 31 toa 1, na ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Mzee Euler, yule mwanahisabati, alithibitisha hilo mwaka 1772, kompyuta hakuna, kalkuleta hakuna, na macho yenyewe yalishamtupa! Alijua kigawo chake chochote ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, na hakuna haja ya kuvuka 46,340 (ndipo kipeuo chake cha pili kinapoishia), kwa hiyo akajaribu namba tasa za aina hiyo tu, zote zikagoma. Nimeikodolea skrini mpaka dada kadhani nimekwama.

Safu nimeibadilisha iwe ya maandishi, namba za wateja wakazikusanye upya, poleni zao.

Nyie wa IT, hii namba mmewahi kukutana nayo wapi?