Siku moja mu kazi yangu ya gidi: Lubumbashi na bintu ya pembeni ya barabara

Bantu banaonaka gidi, mwenye kutembeza bageni, anakaa mbele mu motoka ya bazungu, banasema uyu anakula feza ya bure, kazi yake ni kutembea. Acha niandike siku moja vile inapitaka, juu iko vijana benye bananiulizaka namna ya kuingia mu hii kazi na sipendi baingie bila kujua.

Saa kumi na moja ya asubui. Kura, ni kusema umeme, haiko tangu usiku, basi mbabula ya makala, chai, mukate, kiisha natoka kwetu Katuba na taksibisi ya kwanza.

Saa moja niko mu lupango ya misheni kwenye bageni wangu banalala. Ni bwana na bibi, Bajerumani, bazee ya pensheni, na nyumba yao ni kamiyo. Pale nyuma kwenye siye tungepakia masaka ya makala, bao balijengapo chumba: kitanda, jiko, meza, choo kidogo. Balitoka Zambia, baliingilia Kasumbalesa. Bengine benye banakuyaka na motoka ya vile banauliza paka nyama ya pori, lakini ule bibi, miye namuita Mama, alifungua daftari yake akaniambia: siye tunapenda bintu yenye iko pembeni ya barabara, yenye bantu banapita kila siku bila kuangalia. Nilifurahi sana, juu hapa kwetu njo inajaa.

Saa mbili tunaanza na terili na Mumbunda, ule mulima mweusi na shimine yake ya moshi, wenye kila mutoto wa hapa anajua kuchora mbele ya kujua kuandika jina. Nilibaeleza kama ule mulima haukuwekwa na Mungu. Muji ulianza 1910, na 1911 fabriki ikatoa shaba ya kwanza, na uchafu ya mawe yenye yaliyeyushwa ikamwangwa pale miaka na miaka mpaka ikakuwa mulima. Kiisha bakagundua ndani mulibakia madini ya kobalti na jermaniumu, na tangu karibu mwaka 2000 banairudilia kuiyeyusha tena. Papa, bwana yake, alicheka kwa furaha, akasema kwao hakuna mulima yenye batatu ya familia moja balifanyia kazi, babu, baba na mutoto. Foto tulipigia mbali, ku barabara. Kupiga foto karibu na fabriki ao mugodi bila ruhusa inaleta matata, na ile matata haiangukiake muzungu, inaangukiaka gidi.

Saa tatu na nusu tunashika barabara ya Likasi. Hapa bageni bengi banalalaka mu motoka, miye njo nabaamusha, juu ya bichuguu. Bantu ya Lubumbashi tunaiona kila siku na tunaipita, lakini iko yenye inafika metre 8 ya urefu, na bantu ya siansi balipima udongo ya ndani bakakuta zingine ziko na zaidi ya miaka 2000, maana muchwa balianza kujenga mbele ya misalaba ya shaba yenye bankambo yetu balitumikisha kama feza. Tulisimama pa moja yenye batengenezaji wa matofali balikata nusu. Kijana mwenye anachoma matofali alituonesha ndani, njia ndogo ndogo, na udongo unashikana sana, njo sababu matofali yake ni nguvu. Mama aliuliza mbona inakatwa kama ni ya zamani vile. Nilimujibu kama ile kijana iko na batoto, na matofali njo inajenga Lubumbashi yote. Aliandika mu daftari. Wakati wa mvula ningebaonesha pia bowa kubwa yenye inatoka ku bichuguu na bamama banainyanyua pembeni ya barabara, kichwa yake inaweza kufunika mutu, lakini haikuwa wakati yake.

Kiisha baryere ya kulipa barabara.

Muambie hii kwa mwenye anasema tunatembea tu. Agenti aliangalia magurudumu akasema ni kamiyo, balipe ya kamiyo. Nikashuka, shefu wangu, kamiyo inabeba mizigo, hii inabeba kitanda. Akasema magurudumu ni ya kamiyo. Nikamuomba apande aangalie, akapanda kweli, akaona kitanda, sufuria, foto ya bajukuu pa ukuta, akashuka akasema ni muzuri sana lakini ni kamiyo. Nyuma yetu kamiyo za shaba zinapanga mulongo, bashofere ya Tanzania na Zambia banapiga honi, jua inatupiga katikati ya kichwa, Papa anataka kushuka kuongea kwa sauti na nikamuambia Papa, naomba ubaki mu motoka, hii ni kazi yangu. Agenti akasema basi tuongee pembeni. Nilikatala. Bila risiti sitoe ata franka moja, juu mwenye kupita nyuma yangu kesho atalipishwa vile vile. Tukangojea mukubwa wake mwenye alienda kula, tukangojea, sikupandisha sauti ata mara moja, nilisema shefu, kaka yangu, tafazali, mpaka koo ikakauka. Mukubwa alipofika aliomba karatasi ya motoka, akaangalia kilo yenye imeandikwa, akaingia ndani, akatoka, akaamua: tarifu ya motoka ya kawaida, na risiti. Nilimushukuru kwa mikono mbili. Ni yeye pekee siku ile mwenye alifanya kazi yake kama vile inapaswa.

Sijue ilikuwa saa ngapi tulifika Shilatembo. Tulikuwa na njaa na kichwa inaniuma, lakini pale siwezi kufupisha maneno. Pale njo balipiga risasi Lumumba, waziri mukuu wa kwanza wa Kongo, na benzake Mpolo na Okito, usiku ya 17 januari 1961, kiisha mwili ya Lumumba ikamalizwa na asidi, ikabakia jino yake, na ile jino ilirudishwa na Ubelgiji mwaka 2022, ikapita pale mbele ya kwenda kuzikwa Kinshasa. Ninaeleza polepole, naelezea na batoto ya shule vile vile. Papa alitoa kofia.

Bukari (ugali) na michopo (nyama ya kuchoma) tulikula jua inashuka, ku mama wa pembeni ya barabara, Mama alimaliza sahani. Kurudi njo kunachokesha. Giza, vijana banasukuma baiskeli na masaka ya makala bila taa, na miye macho wazi naita kushoto, kuume, polepole Papa. Tulifika lupango usiku, banilipa vile tulipatana, nikarudi Katuba.

Kesho Mama anataka kuona misalaba ya shaba ku mize ya taifa. Nilimuambia tunatoka saa mbili, siyo saa moja, juu magulu inaniuma.