Bodi yangu ya sefu ilivyofanya lengelenge na nilivyoitibu

Hii bodi, ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, niliisahau kwenye gari juani mchana kutwa, kuja kuitoa nakuta lengelenge kubwa kama kiganja pale ninapokanyaga mguu wa nyuma, ukibonyeza linadidimia. Faibaglasi, lile ganda gumu la nje, ishaachana na povu gumu la ndani.

Nikajifanya fundi, nikachukua rezini ya polyesta (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) nikajaribu kidogo kwenye kikovu pembeni, weee! Povu likayeyuka na kuacha shimo, kumbe povu la bodi ni la polistairini na stairini, kemikali iliyomo kwenye polyesta inalila lile povu. Hapo ni epoksi tu, rezini ya aina nyingine isiyolila.

Basi nikatoboa vitundu viwili, kimoja cha kuingizia epoksi kingine cha kutolea hewa, nikaiacha kivulini wiki nzima ikauke maana povu likiwa na maji gundi haishiki ng'o. Nikaingiza epoksi kwa bomba la sindano mpaka ikachungulia upande wa pili, juu nailoni, halafu mfuko wa mchanga, masaa 24. Nikapiga msasa namba 80, nikabandika faibaglasi tabaka mbili, la juu likizidi la chini kidogo, na lile shimo nikaziba vilevile kwa epoksi.

Sasa nikigonga kwa kidole inalia ko ko, kavu kabisa.