Jinsi nilivyoifanya tovuti ya fanicha ionekane kwenye Google

Mafundi wa fanicha wa Ngong Road walinilalamikia kwamba tovuti yao haipatikani Google hata ukiitafuta kwa jina. Niliandika kwenye Google site: na anwani yao, amri inayoonyesha kurasa za tovuti hiyo tu, hakukutokea kitu.

Nikafungua faili la robots.txt, linaloziambia roboti za Google na wenzake (programu zinazosoma kurasa za mtandao) wapi zisiingie:

User-agent: *
Disallow: /

Roboti zote zimefungiwa mlango! Aliyeijenga tovuti aliiacha hivyo tangu majaribio. Nikaufuta mstari wa pili. Kumbe kila ukurasa ulikuwa pia na alama ya noindex, inayoiambia Google isiuonyeshe ukurasa kwenye matokeo, na hapa ndipo pa kuwa makini: roboti iliyozuiwa na robots.txt haiwezi kuusoma ukurasa, hivyo hata noindex haiioni. Ondoa vyote viwili.

Kisha nikathibitisha umiliki kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, kwa rekodi ya TXT (maandishi yanayowekwa kwenye mipangilio ya DNS ya jina la tovuti), nikawasilisha ramani ya tovuti (sitemap), yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zake. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000, kwa hiyo kwao moja lilitosha kabisa.

Ramani pekee haitoshi, naamini hivyo kwa dhati. Kurasa za vitanda hazikuwa na kiungo chochote kutoka ukurasa wa mwanzo, nikaweka viungo. Kurasa zikaanza kuingia moja moja, vitanda vikitangulia makabati.