Soksi ya majivu

Asubuhi nilikuwa namwaga majivu ya jiko, upepo ukayageuza yote yakanirudia usoni. Mpwa wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nikamkumbuka mjomba na soksi yake.

Alikuwa akichekecha majivu, anayatia kwenye soksi kuukuu, anaipiga fundo na kuining'iniza mkandani. Ukiigonga kwa kidole linatoka vumbi jembamba, unaona upepo unaelekea wapi. Siku ya kufunguliwa msimu wa uwindaji aliigusa soksi ile kuliko alivyogusa bunduki. Kulungu akikuona anaweza kubaki akishangaa wewe ni kitu gani. Akikusikia, pengine atasubiri asikie tena. Lakini akikunusa, imekwisha.

Wenzetu wenye vibali walifika kabla hakujapambazuka, wakabamiza milango ya magari huko juu. Nilidhani mjomba atakasirika. Akacheka puani: "Waache, mwanangu. Hao ndio watakaotuletea kulungu." Kulungu ambaye hajasumbuliwa miezi mingi bado ana ratiba yake, usiku anakula penye uwazi, alfajiri anarudi kichakani. Akishashtuliwa, humuoni tena mchana. Kwa hiyo tulizunguka mbali, tukakaa chini ya mteremko, migongo kwenye shina la mti ili miili yetu isichoreke. Alfajiri hewa baridi hushuka bondeni, nasi harufu yetu ilikuwa ikienda nyuma yetu. Jua likipasha mteremko, hewa hugeuka ikapanda. Mahali petu palikuwa pazuri kwa muda tu, na mjomba alijua.

Sikumwona kulungu akija. Niliona sikio. Baadaye mstari wa mgongo, umelala katikati ya vijiti vilivyosimama wima, kisha pembe. Dume. Akainamisha kichwa kama anayekula, mimi nikaanza kunyoosha mguu uliokufa ganzi. Kidole cha mjomba kikanibana goti. Palepale kichwa kikainuka ghafla, macho kwetu. Hakuwa akila hata kidogo, alikuwa anatutega. Alirudia mchezo ule, kichwa chini, kichwa juu, na katikati mdomo wake haukutafuna kitu. Niliona pua yake mbichi ikifunguka na kujifunga, nzi akitambaa kwenye kope, naye hapepesi. Bunduki ilikuwa tayari begani kwa mjomba. Nikasubiri mlio. Nikasubiri tena.

Jua likagusa majani. Mjomba, kwa mkono wa kushoto, akagonga soksi. Vumbi likasimama hewani kidogo, halafu likaanza kupanda, taratibu, kuelekea kwa mnyama.

Akabweka mara moja, mkia ukainuka mweupe, kichaka kikafunga.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakupiga. Akasema huko juu kulikuwa na watu, na risasi haichagui. Nikaridhika, ni jibu la mwindaji mwenye akili. Miaka mingi baadaye, tukiwa na wageni, nikamsikia akisimulia kisa hichohicho: eti hakupiga kwa sababu dume lilikuwa changa. Pembe niliziona mimi, zilipita masikio kwa mbali. Mpwa wangu anasema huenda mjomba alikuwa anaogopa. Nilimwambia hamjui mjomba. Ila siku hizi mzee hajibu tena swali hilo, anauliza tu kama nimepata soksi isiyotoboka.