Sakafu yangu ya koki na vita vyangu na vanishi

Kila niliyemwuliza niipake nini sakafu yangu ya koki, yaani ya gome la mti, alinijibu vanishi. Fundi alisema vanishi, muuza rangi alisema vanishi, na shemeji yangu, ambaye hajawahi kupiga msasa hata mguu wa kigoda, akasema: "Shem, piga vanishi mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, usahau."

Mimi sikutaka kusahau. Koki ni gome la aina fulani ya mwaloni, lile lile linalochongwa vizibo vya chupa za mvinyo. Mti haukatwi, hubanduliwa gome kisha huachwa miaka 9 hivi lijijenge upya, na karibu nusu ya koki ya dunia hutoka Ureno. Gome lisubiriwe miaka yote hiyo, halafu mimi nilifunike kwa plastiki? Maana vanishi nyingi za sakafuni ni poliurethani, yaani plastiki. Utamu wa koki ni kuikanyaga miguu mitupu.

Sikatai, vanishi inahimili maji na vishindo. Balaa ni siku inapochubuka. Kiraka cha vanishi huonekana tu hata ukipake vipi, na mara nyingi utajikuta unapiga msasa chumba kizima. Katika ushauri wote nilioupata bure, hakuna aliyeniambia nitaitengenezaje sehemu moja ikiharibika.

Basi nikachukua vigae vya koki vya akiba vilivyobaki, nikaamua kuvitesa. Cha kwanza nilikipaka mafuta ya mbegu za kitani ya kupakia mbao, kama alivyosisitiza mzee mmoja wa useremala: "Mnyweshe mpaka akatae." Cha pili nta ya nyuki tupu. Cha tatu mafuta ya nta, yale yanayokauka yakawa magumu, mchanganyiko wa mafuta ya mimea na nta kama ya karnauba, ile ngumu itokayo kwenye majani ya mtende wa Brazili. Cha nne nikakiacha uchi. Nikavipanga mlangoni mwa jikoni na kutangaza kwamba ni marufuku kuviruka. Vikamwagiwa kahawa, siki na mafuta ya kukaangia. Watoto waliupenda utafiti huu kupita kiasi.

Kile cha uchi kilikunywa kahawa na doa likabaki. Watu husema koki haipitishi maji, na ni kweli kwa kizibo, lakini kigae ni chembe zilizobanwa kwa gundi, na uso wake una vitundu ambamo uchafu hujificha. Cha nta kilipendeza na kunukia vizuri, ila tone la maji likaacha alama nyeupe, na mwenye soksi aliteleza. Halafu ukishatia nta, ukibadili mawazo, vanishi haitashika mpaka uiondoe yote.

Cha kitani ndicho nilichokitunza kama ushahidi. Kilikunywa kweli, kikaonekana kimeshiba, kisha mafuta yakaanza kupanda juu taratibu. Yakanata kama ulimbo. Ukikitazama leo kwa karibu utaona nyuzi za soksi, nywele, sisimizi mmoja asiye na bahati, na alama ya kidole gumba ambayo hakuna anayekubali ni yake. Rangi nayo imegeuka kahawia iliyokolea. Nilimpelekea yule mzee akione. Akasema nimenunua mafuta mabaya.

Mafuta ya nta yakashinda. Bei yake iliniuma, ni mara kadhaa ya vanishi ya kawaida, lakini tina moja huenda mbali kwa sababu mkono unatakiwa uwe mwembamba mno: unapaka, unasubiri kidogo, kisha unafuta yote ambayo koki haijanywa. Mikono miwili ilitosha. Kabla ya yote dondosha tone la maji: likisimama bila kunywewa, kigae kina vanishi ya kiwandani na mafuta hayatapenya. Na matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye pipa. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe. Yaloweke majini au yatandaze nje.

Siku moja kona ya meza ya chuma ikachimba shimo katikati ya sebule. Nilifurahi, nikiri. Nilichukua kile kigae cha uchi, nikakikwangua mgongoni, nikapata unga laini na chembe kubwa kubwa. Wengi hutumia unga peke yake, ndiyo maana viraka vyao hujitangaza: koki ina madoadoa, kwa hiyo kiraka nacho lazima kiwe na madoadoa. Nikachanganya vyote viwili na gundi ya mbao kidogo sana, ya kushikanisha tu, nikashindilia kwa kidole mpaka kikazidi usawa wa sakafu, nikakiacha kikauke kabisa. Kisha msasa namba 150 taratibu, halafu mafuta ya nta hapo hapo tu, ukingo wake nikiusugua kwa kitambaa mpaka ukapotelea kwenye sakafu. Shemeji alipokuja nilimwambia atafute kiraka. Alipiga magoti, akatambaa, akanyoosha kidole kwa uhakika mkubwa mahali ambapo hapajawahi kuguswa.

Kuitunza si kazi. Naifagia, kisha deki iliyokamuliwa vizuri na sabuni isiyo kali. Siki hapana, ingawa kila mtu anaisifu. Asidi hufifisha mng'ao. Mashine za mvuke ndiyo kabisa hapana. Mazulia yenye mpira chini huacha doa, na jua la dirishani hubadilisha rangi ya koki hata upake nini, kwa hiyo mkeka nauhamisha mara kwa mara. Mlangoni mwa jikoni maji yakianza kuzama badala ya kusimama, napaka mkono mmoja hapo, jioni, watu wakishalala. Chini ya kitanda sijawahi kurudia.