Foklifti namba 14 na mlango wa kaskazini

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili kutoka Dar. "Shikamoo dada." Marahaba. Siku hiyo hakuuliza baridi wala watoto. Ghalani kwao wanataka kufunga mfumo wa kuonyesha foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, ziko wapi, na bosi wake ameona mtandaoni seti ya bei nafuu kutoka Marekani. "Hii si ndiyo kazi yako, dada? Tununue?" Nikamwambia asilipe chochote kwanza, amwombe muuzaji picha ya kibandiko kilicho nyuma ya kifaa.

Kazi yangu ni kufunga UWB viwandani huku Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. UWB ni redio ya mkanda mpana. Inarusha mipigo mifupi mno, ya kama nanosekunde mbili, iliyotandazwa kwenye megahezi 500 au zaidi. Ndani ya nanosekunde moja wimbi la redio linakwenda sentimita 30, kwa hiyo ukipima vizuri pigo limefika lini, unajua foklifti ilipo kwa kosa la sentimita 10 hadi 30, tena ndani ya ghala lililojaa rafu za chuma ambamo GPS haisomi. Kidude kinachofungwa kwenye foklifti, ukubwa wa kiberiti, tunakiita tagi. Visanduku vya ukutani vinavyokisikiliza tunaviita nanga.

Watu wakisikia hivyo huniuliza bei, au betri inakaa muda gani. Mimi nikiingia kiwanda kipya swali langu la kwanza ni milango iko wapi na foklifti zinatokea wapi kwenda nje, kwa sababu sheria ya masafa ya redio ndiyo inayonichorea ramani kabla sijapanda ngazi.

Nilijifunza hilo kwa foklifti namba 14, majira ya baridi ya mwaka 2021, kwenye kiwanda kimoja cha vipuri. Mfumo ulikuwa umewaka, nanga 38, kila kitu kinasoma. Nimesimama na meneja wa ghala mbele ya skrini, namba 14 inakuja kwenye mlango wa kaskazini na kreti mbili za vyuma. Mlango wa kukunja ukapanda, baridi ikaingia, foklifti ikatoka. Kwenye skrini nukta yake ilibaki pale pale kizingitini, imeganda. Dakika nne baadaye ikaibukia mlango wa tatu. Katika dakika nne hizo ile mashine ya tani nne ilikuwa uani, mahali ambapo wafanyakazi hukatiza kwenda kantini, na taa yetu nyekundu ya kumtahadharisha dereva haikuwa na habari naye.

Meneja akanionyesha nguzo ya upenu wa bati pale nje. "Funga nanga mbili pale. Kazi ya nusu saa." Nanga nilikuwa nazo garini, waya ninao, ngazi ninayo. Nikamwambia siwezi. Masharti ya jumla ya UWB Ulaya, ambayo huku yanasimamiwa na Bundesnetzagentur, mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, yalikuwa hayaruhusu kifaa cha kudumu kilichofungwa nje. Tagi inayotembea ikitoka nje, sawa. Nanga kwenye nguzo, hapana. Alininyamazia muda mrefu, na nilimwelewa. Alikuwa anawaza watu wake.

Sababu ya katazo ni kwamba UWB haina uwanja wake. Inapita juu ya masafa ya wengine: rada, setilaiti, minara inayorushiana mawimbi, darubini za redio zinazosikiliza anga. Marekani ilipofungua mlango mwezi Februari 2002, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, iliweka kikomo cha −41.3 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) kwa kila megahezi. Kiwango hicho ni sawa na kelele ambayo kompyuta ya kawaida inaruhusiwa kuvujisha bila kukusudia. Kwenye masafa ya GPS wakakibana mara 2,500 zaidi. Ulaya ilifuata mwaka 2007 na kikomo kilekile cha −41.3, ila kwa nguvu hiyo kamili, bila masharti ya ziada, iliacha gigahezi 6 hadi 8.5 tu. Ukijumlisha megahezi zote 500 unapata kama maikrowati 37, wakati kisanduku cha Wi-Fi cha nyumbani huku Ulaya kinaruhusiwa miliwati 100 kwenye gigahezi 2.4. UWB inanong'ona. Ukuta wa jengo unausaidia mnong'ono usiwafikie majirani, na ndiyo maana sheria inaupenda sana ukuta.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni jinsi sheria inavyoamua hata namna ya kupima. Kati ya gigahezi 3.1 na 4.8, Ulaya inakuruhusu kurusha kama kifaa chako hakizungumzi zaidi ya asilimia 5 ya kila sekunde na asilimia 0.5 ya kila saa. Piga hesabu: saa nzima una sekunde 18 za kusema. Sasa chukua mtindo wa kuulizana na kujibizana, tagi inauliza, nanga inajibu. Ujumbe mmoja tuseme ni milisekunde 0.2. Nanga moja ikizungukwa na foklifti 60, kila moja ikiuliza mara 10 kwa sekunde, inatakiwa kujibu mara 600, yaani milisekunde 120 kwenye kila sekunde. Mgawo wake kwa wastani ni milisekunde 5. Umeshavunja sheria kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana nafunga zaidi mtindo ambao tagi inapiga kelele moja fupi, nanga zote zinasikiliza tu, na mahali panapatikana kwa tofauti ya muda wa kelele hiyo kufika kwenye kila nanga. Marekani nako kuna mtego wake: kifaa cha mkononi kisipopata jibu la mwenzake ndani ya sekunde 10 lazima kinyamaze. Tagi ya kupiga kelele bila kusubiri jibu, ambayo huku ni halali, kule inahitaji kufikiriwa upya. Viwanda ni vya kampuni moja, foklifti zile zile, mipangilio miwili.

Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilibadilisha masharti. Vifaa vya kudumu vya nje vikafunguliwa mlango kati ya gigahezi 6 na 8.5, kwa vikwazo vyake, na baadhi ya vifaa vya ndani vikaruhusiwa kufika −31.3 dBm, nguvu mara kumi. Nilifurahi kweli. Nilimfikiria yule meneja na nguzo yake.

Ila furaha ina wasiwasi ndani yake. Chaneli ya 5 ya UWB, ambayo kati yake ni megahezi 6,489.6, sasa inagusana na Wi-Fi mpya, ambayo Ulaya inapanda hadi 6,425. Kiwanda kimoja nanga zangu zilianza kusikia karibu tu baada ya watu wa kompyuta kubadilisha Wi-Fi bila kuniambia. Nikahamia chaneli ya 9, kwenye 7,987.2. Sasa mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2027 utajadili gigahezi 7.125 hadi 8.4 kwa simu za mkononi. Mnong'ono hauna haki ya kulalamika mwenye uwanja akija, ndivyo sheria ilivyo. Lakini naona ni makosa kuwaachia mezani wenye kampuni za simu peke yao. Vile vinukta kwenye skrini ni watu, na wenye viwanda waende wakaseme hivyo.

Picha ya kibandiko ilifika usiku. Chaneli ya 2, megahezi 3,993.6, na maneno madogo chini: kitumike ndani ya jengo tu. Nikampigia. "Foklifti zenu zinatoka nje?"

"Dada, nusu ya kazi iko uani."

Nikamwambia wasilipe. Kwanza achukue karatasi za vifaa aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, aulize kama aina hiyo imeidhinishwa nchini, aulize pia kuhusu gigahezi 6.5 na 8, na kuhusu kufunga nje. Halafu anichoree ghala na ua wote, milango yote. Jana imefika, kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari. Milango mitano. Kwenye ule mkubwa unaotazama barabara ameweka mshale na kuandika: hapa wanapita kina mama wa chakula, saa sita.