Goti la Mwanangu na Kalenda ya Mashindano

Mwanangu wa kwanza ameanza kurefuka kwa kasi ambayo mfuko wangu hauimudu, na pamoja na urefu huo kumekuja kijivimbe kigumu chini ya goti lake la kulia, pale kano inayotoka kwenye pia ya goti inapojishikiza kwenye mfupa wa muundi. Ana miaka 12, anacheza winga katika timu ya shule, na jioni huuendeleza mpira huo huo kwenye chandimu ya mtaani mpaka adhana ya magharibi. Dada yake ana miaka 7, na yeye humwamsha bibi yake usiku akilia kwamba miguu inamuuma, kisha asubuhi huruka kamba uani kama kawaida. Nyumbani kwetu maumivu ya wote wawili yamekuwa yakipewa jibu moja, kwamba wanakua hao, na jibu hilo linamfaa binti kuliko linavyomfaa kaka yake.

Nianze na binti, kwa kuwa habari yake ni fupi. Maumivu ya usiku ya aina yake huwapata watoto wengi wa kati ya miaka 3 na 12: huuma miguu yote miwili, mapajani, kwenye vigimbi au nyuma ya magoti, huanza jioni au usiku, hayaleti uvimbe wala kuchechemea, na asubuhi huwa yamekwisha. Daktari Mfaransa aliyeitwa Marcel Duchamp aliyahusisha na ukuaji mwaka 1823, na jina la maumivu ya ukuaji limedumu hadi leo ingawa hayaji katika miaka ambayo mtoto hurefuka kwa kasi zaidi, na chanzo chake hakijathibitishwa. Bibi yake huyatibu kwa kumchua taratibu na mafuta ya nazi ya vuguvugu huku akimsimulia ya Pangani ya zamani, na katika hili sina la kumsahihisha mama yangu, maana kuchua, kitambaa cha moto, kunyoosha misuli kidogo kabla ya kulala na kumtuliza mtoto ndiyo matibabu yenyewe. Usiku ukiwa mgumu humpa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini haimo katika kabati letu la dawa, kwa sababu haifai kwa watoto walio chini ya miaka 16 ila kwa agizo la daktari.

Ya kaka yake ni mambo mengine. Karibu na miisho ya mifupa ya mtoto kuna ukanda wa gegedu, yaani tishu ngumu kiasi lakini laini kuliko mfupa, ambao wataalamu huuita bamba la ukuaji, na humo ndimo mfupa unamorefukia. Gegedu kama hiyo iko pia pale ambapo kano kubwa hujishikiza, na ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Mtoto anaporefuka haraka, mifupa hutangulia na misuli hubaki nyuma ikiwa imekaza, kwa hiyo kila anapopiga shuti, kuruka kichwa au kusimama ghafla, msuli mkubwa wa mbele ya paja huivuta ile gegedu kama kamba ya ngalawa iliyofungwa kwenye nguzo iliyochomekwa matopeni. Mvuto huo ukirudiwa mara nyingi kuliko mwili unavyoweza kujirekebisha, mahali pale huuma, huvimba na kuota kijivimbe. Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi waliieleza hali hii mwaka 1903, kila mmoja kwa upande wake, na ndiyo maana madaktari huita goti la namna hii kwa majina yao.

Nilipompeleka hospitali, daktari hakuanza na goti. Alimlaza chali, akalikunja goti na kuuzungusha mguu ndani na nje ili aione nyonga inavyokwenda, nami nilikuwa karibu kumkumbusha kwamba tumekuja kwa ajili ya goti. Akanieleza kwamba kwa watoto wa umri huu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye bamba la ukuaji la nyonga, na mtoto akasikia maumivu gotini ilhali goti lenyewe ni zima; kuchelewa kuligundua hilo kunaweza kuiharibu nyonga kwa maisha yote. Aliuliza habari za homa, kupungua uzito, maumivu ya usiku ya mahali pamoja tu, viungo kukaza asubuhi, na kama alianguka au kupigwa, maana bamba la ukuaji huweza kuvunjika ilhali wazazi wakidhani mtoto ameteguka tu. Aliuliza pia kama katika ukoo wetu kuna mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Swali hilo lina uzito wake hapa Tanzania, nchi iliyo miongoni mwa zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, kwani mtoto mwenye selimundu anayelia miguu kila mara, akiwa na macho ya manjano na weupe wa viganja, huweza kuambiwa anakua mpaka hali inapokuwa mbaya. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye homa anayekataa kabisa kukanyaga mguu mmoja: huyo ana haja ya kupimwa maambukizi ya mfupa siku hiyo hiyo.

Baada ya hayo alibonyeza kijivimbe, mwanangu akaruka, na ikawa imetosha, eksirei haikuhitajika.

Nilitarajia kuambiwa mtoto asicheze mpira kwa miezi kadhaa, na nadhani wazazi wengi hutarajia hivyo, wengine hata huombea. Tuliloambiwa ni gumu zaidi kulisimamia kuliko katazo, nalo ni kupunguza mzigo bila kuuondoa. Mtoto aliyepumzishwa kabisa hupoteza nguvu za misuli, hununa, na siku anaporudi uwanjani huanza na mwili dhaifu kuliko aliouacha, hivyo goti humuuma upya. Anaruhusiwa kucheza ikiwa maumivu, kwa kipimo cha 0 hadi 10, hayazidi 3, hayamfanyi achechemee, na asubuhi inayofuata goti limerudi lilivyokuwa jana yake. Asubuhi hiyo ndiyo hakimu wangu. Kila siku kabla ya chai namwambia asimame kwa mguu mmoja na akunje goti kidogo, huku nikimtazama usoni zaidi ya ninavyomsikiliza, kwa kuwa mtoto anayetaka kuchaguliwa atakutajia 2 hata pale ambapo meno yake yanasema 6.

Kilichoniamsha zaidi ni kuhesabu mambo yanayolitesa goti hilo nje ya mechi. Kuna kichura, ambacho mashuleni kwetu ni adhabu na uwanjani ni zoezi, na sioni namna bora ya kuivuta ile gegedu kuliko kumrusha mtoto akiwa amechuchumaa akizunguka uwanja. Kuna kupigishwa magoti darasani. Kuna sijda, na hapo tulipata suluhisho rahisi la msala uliokunjwa mara mbili chini ya magoti. Kuna pia mikono ya bibi, ambaye alitaka kukichua kijivimbe "kilainike, mume wangu", kama anavyomwita mjukuu wake, na ilinibidi nimweleze kwa adabu kwamba achue paja na kigimbi apendavyo lakini pale chini ya goti apaache. Alikubali kwa sharti kwamba mafuta yawe yale yale.

Baada ya mazoezi tunaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, isiguse ngozi moja kwa moja. Jirani yetu anauza barafu za ubuyu, na tiba ya siku za mwanzo ililiwa kabla haijafika gotini, kwa hiyo sasa nagandisha maji matupu. Hunyoosha misuli ya mbele na ya nyuma ya paja pamoja na vigimbi, akishikilia kila mkao kwa sekunde 30 bila kudundadunda. Kwa nguvu za misuli huegemea ukuta kama mtu aliyeketi kwenye kiti kisichokuwepo, si chini sana, na huinua mguu ulionyooka akiwa amelala chali. Haya ayafanye polepole, yasimletee maumivu. Jambo nisilokubaliana nalo hata kidogo ni desturi ya kumeza dikilofenaki ya duka la dawa kabla ya mechi ili mtoto amalize dakika zote, kwa sababu inanyamazisha lile lile ambalo lingetuambia lini atoke.

Leo jioni nilikwenda kuonana na mwalimu wa michezo, mazungumzo niliyokuwa nikiyaogopa kuliko ya daktari. Ni kijana mwenye bidii, na mchujo wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ngazi ya wilaya unakaribia, hivyo alinisikiliza huku jicho moja likiwa uwanjani. "Mama, huyu ndiye winga wangu wa kulia," akasema, "nikimweka benchi nani atanikimbilia pembeni?" Nilimwambia sikuja kumwomba amweke benchi. Nilimtajia kanuni ya wataalamu wa michezo ya watoto kwamba saa za mazoezi na mechi zilizopangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na walau siku moja ya wiki asiguse mchezo wenyewe. Kwa mwanangu saa za shule peke yake zilikuwa ndani ya kipimo. Chandimu ndiyo iliyozivusha, nayo haipangwi na mtu yeyote, lakini mfupa hauulizi nani ameandaa mechi. Tukakubaliana kwamba siku za mazoezi ya shule hakuna chandimu, Ijumaa ni mapumziko, kichura na kurukaruka kwenye ngazi viondoke kwake, na mashuti ya kurudiarudia yapungue, badala yake afanye pasi na kupanga mashambulizi.

Hapo yeye ndiye aliyenishangaza, kwa kuniuliza kuhusu wachezaji wengine wawili wadogo wanaokimbia kwa vidole wakilalamikia visigino. Hiyo ni ndugu ya hali ya goti: kano kubwa ya nyuma ya kifundo huvuta bamba la ukuaji la kisigino, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 14, na James Warren Sever aliieleza mwaka 1912. Ukikibana kisigino pande zote mbili kwa viganja, mtoto huruka. Uwanja wetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, na wale wawili wanavaa njumu za mitumba zenye soli nyembamba, kwa hiyo nilimshauri wafanye mazoezi kwa raba, na fundi viatu awakatie vipande vya sponji vya kuinua kisigino, viwekwe katika viatu vyote viwili hata kama kinachouma ni kimoja. Wazazi wao wawapeleke wakaangaliwe pia, maana mimi si daktari na nilimwambia hivyo.

Tulipokuwa tukirudi, mwanangu aliniuliza kama kijivimbe kitaondoka. Nimemwambia nilivyoelezwa: maumivu huja na kwenda kwa miezi 12 hadi 24, pengine zaidi, na huisha gegedu ile inapogeuka mfupa kamili, lakini kijivimbe chenyewe huenda akabaki nacho utu uzimani kikiwa hakimsumbui, isipokuwa labda anapopiga magoti. Hilo halikumhuzunisha, alichotaka kujua ni kama kitaonekana kwenye picha ya timu. Mwalimu naye ameniahidi kwamba uamuzi wa kambi ya wilaya utategemea asubuhi za wiki mbili zijazo, ambazo nitamwandikia namba zake kwenye simu kila siku, na mimi nimeahidi kutoweka pingamizi zikiwa nzuri.